Kuhama chapa ya simu bila kuacha vilivyo vyako nyuma

Mtu anaposema kwamba yeye ni wa Samsung, au kwamba hatoki iPhone mpaka kufa, mara nyingi husema mambo mawili kwa pamoja bila kuyatenganisha. La kwanza ni upendeleo: ameizoea kamera ile, anajua kitufe kilipo, na simu haijamwangusha. La pili ni kifungo: picha za miaka sita, majina ya watu 900, mazungumzo ya WhatsApp na saa ya mkononi isiyokubali simu nyingine. Mwongozo huu ni wa mtu ambaye upendeleo wake umekwisha, au bei imemshinda, lakini kifungo bado kinamshika mguu.

Ninalichukulia jambo hili kwa uzito kwa sababu nimelipa gharama yake. Nilikuwa mweka hazina wa kikundi cha kuweka na kukopa mtaani kwetu, na kila mwanachama alinitumia picha ya ujumbe wa malipo kwenye WhatsApp. Nilipohama kutoka Android kwenda iPhone, duka lilinikamilishia maandalizi yote ili niijaribu kamera, nami nikaacha simu ya zamani palepale kama sehemu ya malipo, nikiamini kuwa nakala yangu iliyoko Google Drive, hifadhi ya mtandaoni ya Google, ingeshuka nikifika nyumbani. Haikushuka, na isingeweza kushuka. Nilitumia wiki tatu kupita kwa mwanachama mmoja mmoja nikimwomba anitumie upya alichokuwa amenitumia, na wapo ambao walikuwa wameshafuta. Hatua zilizoko hapa chini zimepangwa kwa mfuatano ambao ungeniokoa.

Hatua ya kwanza: andika kila kitu kinakaa wapi

Kabla hujaingia dukani, chukua karatasi uandike vitu vyote unavyovitegemea katika simu yako, kisha mbele ya kila kimoja uandike mwenye nyumba wake. Utagundua kuwa wenye nyumba ni wanne.

Wapo walio wa laini. Fedha zako za M-Pesa au Airtel Money hazimo ndani ya simu. Zimo katika daftari la kampuni ya mtandao, na zinakufuata popote laini yako inapokwenda. Wengi huogopa kuhama kwa sababu ya fedha hizi, ilhali ndizo zisizo na shida kabisa.

Wapo walio wa akaunti isiyojali chapa, kama vile barua pepe za Gmail, na majina na picha zilizohifadhiwa katika akaunti ya Google, ambavyo hufunguka katika Android na iPhone vilevile.

Wapo walio wa chapa yenyewe. Programu uliyoinunua Google Play haitambuliki katika duka la Apple, na ya Apple haitambuliki Google. Utainunua upya au utaiacha. Saa ya Apple Watch haifanyi kazi bila iPhone, na saa za Samsung kuanzia Galaxy Watch4 ya mwaka 2021 hazikubali iPhone. Spika za masikioni za AirPods, kwa upande mwingine, huunganika na Android kwa Bluetooth kama spika nyingine yoyote, ingawa baadhi ya uwezo wake hupotea. Hapa ndipo gharama halisi ya kuhama ilipo, na unapaswa kuijumlisha kwenye bei ya simu mpya.

Kundi la nne ni vitu visivyo na makao mengine zaidi ya simu hiyohiyo: picha ambazo hazijapandishwa popote, sauti ulizorekodi, faili za PDF za mikataba ulizozipakua, na maandishi mafupi uliyoyaandika usiku wa manane ukasahau. Zungushia kundi hili wino mwekundu.

Hatua ya pili: pima umbali wa safari yenyewe

Kuna kuhama nyumba na kuna kuhama chumba. Tecno, Infinix na itel ni chapa tatu za kampuni moja, Transsion ya Shenzhen nchini China, na matengenezo ya zote tatu hufanywa na Carlcare. Anayetoka Tecno kwenda Infinix akidhani amebadili dunia amehamia chumba cha pili katika nyumba ileile. Redmi na POCO nazo ni za Xiaomi. Hata kutoka Xiaomi kwenda Samsung si safari ndefu, kwa kuwa zote mbili zinaendeshwa na Android na zinatumia akaunti ya Google. Safari ndefu ni moja tu, nayo ni ile ya kuvuka kati ya Android na iPhone, na sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu kuvuka huko.

Kwa wale ambao moyo bado unasita kwa ajili ya jina la chapa, historia ya karibuni inasema wazi. Nokia, ambayo mikononi mwa wazazi wetu ilikuwa ndiyo jina lenyewe la simu, iliuza biashara yake ya simu kwa Microsoft mwaka 2014. Huduma za simu za zamani za BlackBerry zilizimwa Januari 2022. LG ilijitoa katika biashara ya simu mwaka 2021. Huawei, baada ya vikwazo vya Marekani vya Mei 2019, ilianza kutoa simu mpya zisizo na huduma za Google, na waliokuwa wameipenda kwa kamera yake wakajikuta wanatafuta njia za pembeni za kupata YouTube na Ramani. Wateja wa chapa hizo hawakuwa na kosa lolote. Walihamishwa bila kuulizwa. Ni heri kuhama ukiwa umejipanga.

Hatua ya tatu: kagua simu unayoiendea

Kama unanunua simu mpya kabisa, uliza mambo machache tu: fundi na spea zake vinapatikana mjini kwako au mpaka Dar es Salaam, na itapokea masasisho ya usalama kwa miaka mingapi. Google kwa Pixel 8 ya mwaka 2023, na Samsung kwa Galaxy S24 ya mwaka 2024, waliahidi miaka 7, lakini simu za bei nafuu za makampuni hayohayo zinaweza kuwa na ahadi fupi zaidi, kwa hiyo usichukue ahadi ya toleo moja ukaivika toleo lingine.

Wengi wetu, hata hivyo, huvuka kwa simu ya mkono wa pili, iliyoingia kutoka Dubai, Uingereza au Marekani, na hapo ukaguzi ni kazi ya nusu saa usiyopaswa kuionea haya, hata muuzaji akionyesha kuchoka.

Anza na IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu yenyewe. Piga *#06# na tarakimu 15 zitatokea. Zilinganishe na zilizoandikwa kwenye boksi na kwenye risiti. Kwa Tanzania, tuma namba hiyo kwa ujumbe mfupi kwenda 15090 upate kujua ni simu ya aina gani katika kumbukumbu. Jibu likitaja chapa tofauti na unayoiona mkononi, rudisha simu. Huu si woga wa bure, kwani tarehe 16 Juni 2016 mamlaka ya mawasiliano, TCRA, ilizima simu zenye IMEI bandia nchini, na waliokuwa nazo walibaki na vioo vya kujitazamia.

Kisha tazama kufuli za akaunti. iPhone yenye akaunti ya mwenyewe wa kwanza haifunguki hata ikifutwa yote, na Android tangu toleo la 5.1 ina kinga ya namna hiyohiyo. Njia ya uhakika ni kumtaka muuzaji aifute simu mbele yako, aiwashe upya, nawe uone kwamba haiombi nenosiri la mtu mwingine. Ahadi ya kwamba fundi ataitoa kufuli hiyo kesho ni ya kukataa papo hapo. Uliza pia kama simu ilinunuliwa kwa mkopo na deni limekwisha, kwa sababu simu za mkopo huwa na programu inayoweza kuifunga simu kutoka mbali malipo yanapokatika, na inamfunga aliyenayo, awe ndiye mdaiwa au siye.

Jambo la tatu ni laini, na hapa wengi huumia kwa iPhone. Katika mipangilio, sehemu ya maelezo ya simu, upo mstari unaosema kama simu imefungwa kwa mtandao mmoja. Usomeke kwamba hakuna kizuizi. Zaidi ya hapo, iPhone zilizotengenezwa kwa ajili ya Marekani kuanzia iPhone 14 ya mwaka 2022 hazina kabisa tundu la laini. Zinatumia eSIM peke yake, yaani laini isiyo kadi, iliyojengwa ndani ya simu. Kwa iPhone 17 ya mwaka 2025 utaratibu huo umefika pia katika matoleo ya Oman, Falme za Kiarabu, Saudi Arabia, Qatar na kwingineko, yaani masoko yaleyale ambayo simu zetu nyingi hupitia. Si kasoro, maana zipo kampuni za simu Tanzania na Kenya zinazotoa eSIM, ila uhakikishe kampuni yako imo, na ujue kwamba siku simu itakapozimika hutaweza kuchomoa laini na kuitumbukiza kwenye kitochi cha jirani. Aliyezoea Tecno ya laini mbili na kadi ya kumbukumbu ajue mapema kwamba iPhone haina sehemu ya kadi ya kumbukumbu.

Mwisho, kwa iPhone tazama afya ya betri, na katika maelezo ya simu angalia historia ya vipuri. Kuanzia mfumo wa iOS 15.2, matoleo ya iPhone 12 na kuendelea huonyesha kama betri, kioo au kamera vimebadilishwa na kama vipuri vilivyowekwa ni halisi.

Ukishalipa, zuia mkono wa muuzaji. Simu ibaki katika hali ya kuanzia, ile inayokusalimu kwa lugha mbalimbali, mpaka ufike nyumbani. Kama nilivyosema, hapa ndipo mimi nilipopoteza.

Hatua ya nne: majina na picha

Majina yaliyohifadhiwa kwenye laini ni ya hatari zaidi kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu laini nyingi hubeba majina 250 hivi tu, na kila jina hubeba namba moja bila barua pepe wala maelezo. iPhone haihifadhi majina kwenye laini kabisa, ingawa inaweza kuyasoma na kuyaingiza. Fungua orodha ya majina katika simu ya zamani, tazama yanahifadhiwa wapi, na uyahamishie yote kwenye akaunti ya Google. Katika simu mpya utaingiza akaunti hiyo na kuwasha sehemu ya majina, nayo yatashuka yenyewe. Hesabu idadi kabla na baada.

Kwa picha, jua mipaka: Google hutoa nafasi ya GB 15 bila malipo, Apple GB 5. Mwenye video za harusi tatu hatatosha humo. Nafuu zaidi, na isiyokula bando, ni kuunganisha simu na kompyuta kwa waya na kunakili folda zote, kisha kuweka nakala ya pili kwenye diski ya nje. Ukitoka iPhone, picha zako huenda zimehifadhiwa katika muundo wa HEIC ambao baadhi ya kompyuta za zamani hazifungui. Katika mipangilio ya kamera au ya picha unaweza kuchagua zitoke katika muundo unaokubalika kila mahali.

Hatua ya tano: WhatsApp

Kwa mtu wa Afrika Mashariki, WhatsApp ni ofisi, ni baraza la ukoo, ni daftari la madeni. Kwa hiyo elewa kwanza chanzo cha matatizo yote: WhatsApp ya Android huweka nakala yake ya akiba Google Drive, na ya iPhone huweka iCloud, hifadhi ya mtandaoni ya Apple, na nakala ya upande mmoja haisomeki upande wa pili. Ujumbe unaokuambia kwamba nakala imekamilika usiku wa jana ni wa kweli, lakini haukusaidii chochote ukiwa unavuka. Wanaovuka wanahitaji kuhamisha moja kwa moja, simu kwa simu, zote mbili zikiwa hai na mezani.

Anayekwenda iPhone apakue programu ya Apple iitwayo Move to iOS katika simu yake ya Android. Aiwashe iPhone, na katika maandalizi ya mwanzo achague kuhamisha data kutoka Android. Itatokea namba ya siri ya kuandika upande wa Android. Katika orodha ya vitu vya kuhamisha achague WhatsApp, ambayo itajifungua na kuandaa mazungumzo. Mambo manne yasikosekane: iPhone iwe mpya au imefutwa kabisa, namba ya simu iwe ileile, simu zote mbili ziwe kwenye chaja, na ziwe kwenye Wi-Fi moja au Android ishike mtandao wa iPhone. Data ikishahamia, maliza maandalizi, pakua WhatsApp kutoka duka la Apple, ingiza namba ileile, ndipo mazungumzo yatakapofunguka. Njia hii ilianza mwaka 2022. Fundi anayekuambia kwamba haiwezekani bila programu ya kulipia amebaki nyuma.

Anayetoka iPhone kwenda Android anahitaji waya unaoziunganisha simu zote mbili na Android iliyo mpya au iliyofutwa. Samsung ndiyo iliyotangulia mwaka 2021 kwa programu yake ya Smart Switch, na sasa simu nyingine zenye Android 12 na kuendelea zina njia hiyo ndani ya maandalizi ya mwanzo. Wakati wa kuhamisha, simu mpya itaonyesha msimbo wa QR utakaousoma kwa kamera ya iPhone.

Anayetoka Android kwenda Android ana raha: anaweza kutumia nakala ya Google Drive, au, ikiwa bando ni dogo, atumie sehemu ya kuhamisha mazungumzo iliyomo ndani ya mipangilio ya WhatsApp, ambayo hupeleka kila kitu simu kwa simu kwa kusoma msimbo wa QR.

Safisha kabla ya kuhamisha. Futa video za asubuhi njema zilizojirudia katika makundi 20, kwani kuzisafirisha kunaweza kugeuza kazi ya dakika 30 kuwa ya saa nne, na umeme ukikatika katikati unaanza upya. Mazungumzo machache ambayo ni ushahidi wa fedha au makubaliano yahamishe pia kwa njia ya pili: fungua mazungumzo hayo, chagua kuyatoa kama faili, na ujitumie kwa barua pepe.

Hatua ya sita: benki, fedha za simu na misimbo ya uthibitisho

Programu za benki na za fedha za simu hazihamishwi. Hupakuliwa upya na kusajiliwa upya katika simu mpya, na kwa kawaida uthibitisho huja kwa ujumbe mfupi. Ndiyo maana laini ihamie simu mpya kabla hujagusa programu hizo. Siku ukikwama, menyu ya *150*00# ya M-Pesa Tanzania hufanya kazi katika simu yoyote, hata isiyo na intaneti. Kama unatumia programu ya kutoa misimbo ya kuingilia katika akaunti, ihamishe wakati simu ya zamani bado inawaka, maana ukiifuta kwanza unaweza kujifungia nje ya barua pepe yako mwenyewe. Namba za siri za fedha usimtajie fundi wala muuzaji kwa sababu yoyote ile.

Hatua ya saba: kuondoka rasmi kule ulikotoka

Kaa na simu zote mbili kwa wiki mbili. Katika muda huo utakumbuka lile faili la kiwanja, ile sauti ya mtoto, na programu ya shule ambayo hukuiandika kwenye karatasi.

Aliyetoka iPhone azime iMessage, huduma ya Apple ya kutumiana ujumbe, katika mipangilio kabla ya kuondoa laini. Asipofanya hivyo, ujumbe kutoka kwa ndugu walioko Ulaya au Marekani wanaotumia iPhone unaweza kuendelea kuelekezwa kule kwa zamani naye asiupate. Aliyesahau anaweza kuiondoa namba yake kupitia tovuti ya Apple. Malipo ya kila mwezi yaliyofungwa kwenye akaunti ya Apple au ya Google yasitishe huko huko yalikoanzia, kwani kufuta programu hakusimamishi makato.

Ndipo utoke kabisa: katika iPhone ondoka kwenye akaunti ya Apple, jambo ambalo huzima pia huduma ya kuitafuta simu, katika Android ondoa akaunti ya Google, na ya Samsung kama ipo. Chomoa laini na kadi ya kumbukumbu. Futa kila kitu kupitia mipangilio, iwashe tena, na uone kuwa inasalimia kama simu mpya bila kuuliza nenosiri lako. Kama unaiuza au unampa mdogo wako, piga picha ukurasa wa IMEI, andika tarehe ya makabidhiano na jina la aliyeipokea, na umpe risiti yake ya awali pamoja na boksi.